Ujirani Wetu Hapa Leicester



Wanaokitengeneza kitabu chetu cha mwaka wameniomba niandike machache juu ya maisha ya watu wa rangi na dini mbalimbali katika mji huu wa Leicester, ambao nimekaa tangu mwaka 1971. Mimi si mwandishi. Kazi yangu ilikuwa uuguzi mpaka nilipostaafu. Lakini nimekubali kwa sababu mbili. Kwanza, wajukuu wetu wanadhani kwamba mji huu ulikuwa hivi ulivyo tangu zamani. Pili, liko jambo lililotokea nyumbani kwangu mwaka 2022 ambalo wengi wenu mlihusika nalo bila ya kujua, na naona haifai nilinyamazie.

TULIVYOKUJA

Nilitoka Mombasa, mtaa wa Kibokoni, nikiwa na umri wa miaka ishirini, nikaja kusomea uuguzi. Leicester wakati huo ulikuwa mji wa viwanda vya soksi, fulana na viatu. Marehemu mume wangu, ambaye tulioana mwaka 1973, alifanya kazi ya mashine za kufuma usiku, na mimi nikifanya mchana, hata siku nyingine tukawa twaonana mlangoni tu, mmoja akitoka na mwingine akiingia.

Sheria ya mwaka 1968 ilikuwa imekwisha kataza kumnyima mtu nyumba au kazi kwa ajili ya rangi yake. Lakini sheria ilikuwa karatasini. Nilikuwa nikipiga simu kuulizia chumba, naambiwa kipo, nije nikitazame. Nikifika mlangoni, mwenye nyumba akiniona, chumba kimekwisha chukuliwa. Hilo lilinipata mara tatu katika wiki moja. Sikulia mbele ya mtu, nililia ndani ya basi.

Mwezi wa Agosti 1972 Idi Amin akawapa Wahindi wa Uganda siku 90 watoke nchini. Waliokuja Uingereza walikuwa kiasi cha 28,000. Baraza la mji wetu likaona hofu, na mwezi wa Septemba likatia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwashauri watu wasije Leicester, kwamba nyumba, shule na huduma nyingine zimejaa. Wazee wa hapa husema kwa kucheka kwamba tangazo lile ndilo lililowajulisha jina la Leicester wengi ambao hawakuwa wakilijua. Walikuja kwa maelfu.

Siku moja ya baridi kali, mwezi wa Novemba mwaka ule ule, nilikuwa nikingoja basi. Nyuma yangu nikasikia sauti ya mama akimkaripia mtoto: "Wewe, kuja hapa! Iko baridi, funga koti!" Niligeuka upesi. Alikuwa mama wa Kihindi, kavaa sari na juu yake koti la kiume lililomfika miguuni, la kupewa. Nikamwuliza, "Dada, watoka wapi?" Alinitazama kama aliyeona jini, kisha akanijibu, "Jinja," na machozi yakamtoka. Aliniambia kwamba tangu kushuka kwenye ndege hakuna mgeni aliyemsemesha kwa lugha anayoielewa.

Hivyo ndivyo tulivyojuana. Mwaka 1976 nyumba iliyopakana na yetu, karibu na Green Lane Road, ikauzwa, na walioinunua ni mama yule na mumewe. Ukuta wetu ni mmoja mpaka leo. Watoto wake humwita Ba, maana yake mama kwa Kigujarati, na sisi sote tukamwita hivyo hivyo. Mimi wakaniita Masi, yaani mama mdogo.

KIKOMBE

Msifikiri ujirani huo ulikuja wenyewe kwa sababu tulisema Kiswahili. Nyote mlioishi Afrika ya Mashariki zamani mwajua tulivyokaa. Kulikuwa na shule za Wazungu, shule za Wahindi, shule za Waarabu na shule za Waafrika. Kulikuwa na kaunta ya duka, Mhindi upande huu na Mwafrika upande ule, na biashara ikiisha kila mtu kwao.

Siku moja, katika miaka ya themanini, tulikuwa jikoni kwa Ba twachambua mchele. Nikamwuliza swali ambalo lilinikaa moyoni kwa miaka. Nilimwambia, "Ba, lau ningekuja nyumbani kwako kule Jinja, ungenikaribisha hapa mezani?" Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Hapana, dada. Ningekupa chai, lakini kikombe chako kingekuwa mbali, pale nyuma, pamoja na cha mtumishi."

Iliniuma, sitaficha. Lakini nilipokuwa nikirudi nyumbani nikamkumbuka marehemu mama yangu, Mungu amrehemu, alivyokuwa akitukataza tusicheze na watoto wa mtu aliyetuchotea maji, ati kwa kuwa ni watu wa bara. Alikuwa mcha Mungu, asiyekosa sala hata moja, na hilo hakuliona kuwa ni kosa. Kesho yake nikaenda nikamwambia Ba habari hiyo. Tangu siku hiyo hatukuoneana haya tena. Naamini urafiki wetu hasa ulianza hapo, kwa kuambizana kweli, na vile vyakula tulivyokuwa tukipelekeana miaka yote kabla yake vilikuwa heshima tu.

Na vyakula ni hivi. Ba hali nyama wala mayai. Mimi nina sufuria moja ambayo haijapata kuingia nyama tangu nilipoinunua. Hiyo ni ya mbaazi za nazi za Ba, na kila mtu nyumbani kwangu aijua. Naye mwezi wa Ramadhani hutuletea bhajia kabla ya magharibi, na hupita nyuma ya nyumba asituletee harufu mapema. Mjukuu wake aliwahi kubishana nami kwamba "fagio" na "sufuria" ni maneno ya Kigujarati, kwa kuwa ndivyo bibi yake asemavyo. Na mihogo hapa, katika maduka ya Wahindi, huuzwa kwa jina la "mogo". Ni Kiswahili kilichosafiri nao kutoka Uganda bila ya pasi.

MJI ULIVYOJENGWA

Hali ya mji haikutulia upesi. Mwaka 1974 wafanyakazi wa Kihindi, wengi wao wa kutoka Uganda, waligoma kwa karibu wiki 14 katika kiwanda cha mashine za taipu cha Imperial, wakidai malipo yao ya ziada yahesabiwe kwa haki na wapate kuchagua wawakilishi wao. Wazungu wengi waliofanya kazi nao hawakuwaunga mkono. Mwaka 1976, katika uchaguzi wa baraza la mji, chama cha National Front, ambacho siasa yake ilikuwa kuturudisha sote tulikotoka, kilipata karibu kura 18 katika kila 100. Yaani ukipanga foleni ya mkate ya watu kumi waliopiga kura, wawili katika hao hawakutaki.

Lakini mwaka huo huo ikapitishwa sheria nyingine, yenye nguvu zaidi kuliko ile ya 1968, na watu wakaanza kuitumia. Wakapatikana Wazungu waungwana, walimu, mapadri na watu wa vyama vya wafanyakazi, waliosimama nasi. Mwaka 1986 likaundwa baraza la dini zote za mji. Masingasinga wakafanya gurdwara yao katika jengo lililokuwa kiwanda, pale panapoitwa Holy Bones. Wajaini wakalifanya kanisa la zamani kuwa hekalu, likafunguliwa mwaka 1988. Taa za Diwali katika Belgrave Road zikawa maarufu, na watu hutoka miji ya mbali kuja kuzitazama.

Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2021, Leicester ina watu kiasi cha 368,600. Wenye asili ya Asia ni 43 katika kila 100, na Wazungu ni 41. Wakristo ni kama robo, Waislamu wanakaribia robo, wasiofuata dini yoyote nao hivyo hivyo, na Wahindu ni 18 katika kila 100. Hesabu hizi hutajwa kwa fahari, na mimi pia nilizitaja kwa fahari. Lakini hesabu haijui kama watu waliohesabiwa huamkiana asubuhi.

SEPTEMBA 2022

Tarehe 28 Agosti 2022 India na Pakistan zilicheza kriketi huko Dubai, na pengine baadhi yenu mlikuwamo uwanjani. India ikashinda. Usiku ule vijana wakatoka barabarani Leicester, maneno mabaya yakasemwa, na kila usiku uliofuata ukaongeza lake. Watu wengine wa mbali, wasioujua mji wetu, wakatia kuni katika simu.

Katikati ya Septemba ukaenea ujumbe kwamba msichana wa Kiislamu amenusurika kutekwa nyara na vijana wa Kihindu. Mjukuu wangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka kumi na tisa, aliupokea ujumbe huo na papo hapo akautuma katika kundi la WhatsApp la ukoo wetu, na chini yake akaandika maneno juu ya Wahindu ambayo sitayaandika hapa. Kundi lile, mwalijua wenyewe, lina watu wa Leicester, Muscat, Dubai, Mombasa na Toronto. Kabla ya alfajiri nikapigiwa simu kutoka Muscat kuulizwa kama tuko salama.

Polisi walichunguza wakasema wazi kwamba tukio hilo halikutokea. Nami nikaandika katika kundi lile lile kwamba habari ilikuwa ya uongo. Ule uongo nyinyi jamaa mliujibu kwa maneno na alama za hasira zaidi ya thelathini. Kweli ilijibiwa na watu wawili.

Usiku wa Jumamosi tarehe 17 Septemba kundi kubwa la vijana wa Kihindu, wengi wamefunika nyuso, lilipita katika mitaa yetu likipiga kelele za kidini. Vijana wa Kiislamu wakatoka kuwakabili, polisi wakawa katikati. Katika Belgrave Road bendera ya hekalu ikateremshwa. Mimi nilikuwa peke yangu nyumbani. Simu ikalia, ni Ba. Akaniuliza, "Dada, umefunga mlango?" Nikamwambia, "Nimefunga. Na wewe?" Akasema, "Nimefunga." Kisha tukanyamaza wote wawili, kwani tuliona aibu. Yeye alikuwa akiwafungia watoto wangu, na mimi nikiwafungia wa kwake.

Jumapili asubuhi nikamwita mjukuu wangu. Sikumpigia kelele. Nilimwuliza nani alimzaa mtoto wa kwanza aliyecheza naye. Nani alimfunga kidonda alipoanguka na baiskeli, mimi nikiwa kazini. Akasema, "Lakini Bibi, mimi sikumsema Ba." Nikamwambia, "Uliwasema wote. Ba hakutolewa." Nikamchukua nikaenda naye mlango wa pili. Ba alimpokea, akampa chai. Lakini mjukuu wake Ba, aliyekuwa amezaliwa mwaka mmoja na wa kwangu na ambaye alikuwa amekwisha onyeshwa maneno yale, aliinuka akapanda juu, wala hakushuka.

Jioni ile mimi na Ba tulitoa viti viwili tukaviweka njiani, katikati ya milango yetu, tukakaa na chupa ya chai mpaka giza likaingia. Jumatatu tukafanya hivyo tena. Hatukuwa na maana ya kumwonyesha mtu. Tulikuwa vikongwe wawili tuliochoka kukaa ndani. Lakini jioni ya pili mama mmoja wa Kipolishi wa nyumba ya mbele akaleta kiti chake, na Mzungu mmoja mzee ambaye kwa miaka kumi na minane hatukuwa tukiambiana zaidi ya "habari za asubuhi" akaja akasimama nasi. Siku iliyofuata viongozi wa Kihindu na wa Kiislamu wa mji wakasimama pamoja mbele ya msikiti, wakasoma tamko moja la kutaka fujo ziishe. Mambo yakatulia, ijapokuwa watu zaidi ya arobaini walikuwa wamekwisha kamatwa, na mioyo ya watu haikutulia siku ile ile.

MADRASA YA KISWAHILI

Ningeishia hapo mngesema kwamba kosa ni la vijana. Basi niseme na letu watu wazima.

Jumuiya yetu ina darasa la Kiswahili la watoto, Jumamosi. Mwaka 2023 mama mmoja kutoka Bukavu, Mkristo, akaomba watoto wake watatu wapokelewe, pamoja na wa jirani yake wa Burundi. Mkutano ulikuwa mkali. Mzee mmoja tunayemheshimu akasema watatuharibia Kiswahili chetu. Mwingine akasema kwamba watoto wetu watachanganywa dini. Hakuna aliyesema neno "rangi", wala neno "bara", lakini mimi niliyasikia yote mawili, kwa kuwa nilikwisha yasikia kwa mama yangu.

Nikaomba ruhusa nikasimama. Nilisema kwamba mwaka 1971 mimi niliambiwa chumba kimechukuliwa, na sasa naona chumba chetu nacho chataka kuchukuliwa. Nikasema pia, kama Kiswahili ni chetu peke yetu, mbona husemwa Bukavu, Goma na Bujumbura, na mbona Ba wa Jinja ndiye aliyenifanya nikisikie barabarani katika nchi ya baridi? Kura zikapigwa, tukashinda kwa kura nne. Mzee wetu hakuja kwa miezi miwili, kisha akarudi. Sasa yule mama wa Bukavu ndiye mwalimu wa wadogo. Yeye husema "miye" na "shiye", na watoto hucheka, kisha huuliza, na hivyo hujifunza kwamba lugha ina nyumba nyingi. Katika masomo ya dini watoto wake hukaa chumba cha pili wakichora. Hakuna aliyepoteza dini yake.

NINAYOYAOMBA

Mimi ni mwuguzi, na mwuguzi huandika maagizo mafupi. Nawaomba jamaa haya machache.

La kwanza, ujumbe wowote unaosema watu wa dini fulani au kabila fulani wamefanya jambo, usiutume mpaka umeuliza mtu aliye pale pale. Ukiwa umekwisha utuma na ukawa uongo, itume na kweli, kwa watu wale wale, na uombe radhi.

La pili, mjue jirani yako anakula nini na hali nini, na jina lake ulitamke sawasawa. Halina gharama, na ndiyo heshima ya kwanza.

La tatu, waambieni watoto kweli ya tulikotoka, pamoja na yale tuliyowatenda wengine. Mtoto aliyeambiwa kwamba sisi siku zote tulidhulumiwa tu, hatajua siku atakapodhulumu yeye.

La nne, akija mgeni mlangoni mwa jumuiya yenu, kumbukeni siku mliyokuwa nyinyi mlangoni.

Kuhusu wale vijana wawili, nitawaambieni ilivyo. Majira ya baridi ya mwaka 2024 Ba alianguka akavunjika nyonga. Nilikuwa nikienda kumtazama kila jioni, na kwa kuwa kulikuwa na barafu njiani, mjukuu wangu alikuwa akinishika mkono hatua zile kumi mpaka mlango wa pili. Mjukuu wake Ba alikuwa akifungua, nami naingia, na wa kwangu hubaki nje akiningoja. Siku tatu ilikuwa hivyo. Siku ya nne yule kijana alifungua mlango, akamtazama mwenzake, akasema, "Ingia, ni baridi." Akaingia.

Hawakuzungumza juu ya mwaka 2022, wala mpaka leo sijui kama wamezungumza. Si kama walivyokuwa zamani. Lakini juzi niliwaona wakimshusha Ba ngazi, mmoja huku na mmoja huku, naye akiwakaripia kwa Kiswahili chake cha Jinja, "Pole pole, nyinyi! Mimi hapana gunia!"

Mola atupe subira ya kujenga, na atuepushe na wepesi wa kubomoa. Nawatakia nyote mwaka wa heri na afya, nyinyi na majirani zenu.